Miaka Yangu Mlangoni kwa Warumi

Wenzangu mnaofundisha lugha hapa Sydney mmeniomba niandike machache ya kazi yangu kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba naandika kwa Kiswahili. Kiingereza nimekitumia kazini miaka mingi, hasa kuomba vyumba vya madarasa na kueleza kwa nini Kilatini bado kina faida, na sasa nataka kukistaafisha nacho pia. Vyeo sitavitaja, maana hata mimi siku nilizopewa sizikumbuki vizuri. Nitasema habari za mashairi ya mapenzi ya Warumi wa kale, ambayo ndiyo niliyoyafundisha kuliko kitu kingine chochote, na habari za binti mmoja aliyeacha kuyasoma.

Kilatini nilikianza Bagamoyo, katika shule ya masista. Alitufundisha padri mmoja mzee, mtu mpole ambaye hasira zake zote alizimalizia kwenye vitenzi. Kitabu chetu cha kusomea kilikuwa na kurasa zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Padri alisema ni kazi ya wadudu. Tulijiuliza ni wadudu gani hao wanaoyaharibu mashairi ya mapenzi na kuyaacha ya vita. Siku moja Padri alipokwenda kuzika kijiji cha jirani, tuliziweka kurasa zile juu ya mvuke wa birika, zikaachana.

Tulisikitika sana kwa tulichokikuta. Mwanamume amesimama usiku mlangoni kwa mwanamke, mvua inamnyeshea, naye anazungumza na mlango. Anausifu mlango. Anaubembeleza. Anaipaka bawaba mafuta ili isilie, analiomba komeo liteleze taratibu, anasema yuko tayari kungoja hata mpaka alfajiri mradi mlango uwe na huruma. Basi. Tulizibandika tena kurasa kwa uji wa asubuhi, tukaona tumedhulumiwa.

Shairi lile nililielewa miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa karibu kuolewa. Sisi ni Wakatoliki, lakini mama yangu alikuwa mtu wa Bagamoyo kabla ya kuwa kitu kingine, akanikabidhi kwa somo kama binti mwingine yeyote wa mtaa wetu. Somo wangu, Bi Zuhura, alinifunda yote niliyopaswa kuyajua bila kukitaja kitu hata kimoja kwa jina lake. Alisema habari za kinu na mchi, za taa na utambi, za mgeni anayepiga hodi na mwenye nyumba anayekawia kuitika kwa makusudi. Nyimbo zilipofika kwenye mlango nilicheka peke yangu. Wanawake wakadhani nimeona haya, kumbe namkumbuka padri na gundi yake.

Bi Zuhura aliniachia jambo moja lililonifaa kazini kuliko vyeti vyangu. Alisema, mtu akikufumbia neno, mjibu kwa kufumba. Ukilifumbua mbele za watu umewaaibisha waliosikia pamoja na aliyesema, na raha yote imekwisha.

Nilikuja Sydney kumfuata mume wangu aliyepata kazi huku. Siku ya kwanza nilipoingia darasani chuo kikuu, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama chumba kimebadilishwa. Nikamwambia chumba ni kile kile, kilichobadilika ni mwalimu. Hakunizoea kwa wiki mbili tatu hivi, kisha akazoea, na nasikia siku hizi yeye mwenyewe anafundisha.

Aliyenipokea idarani ni Gordon, profesa mrefu ambaye mikono ya koti lake ilikuwa myeupe kwa chaki mwaka mzima. Nilimpenda na nilibishana naye. Yeye alisomeshwa kwa vitabu ambavyo mistari ya aibu ilitolewa na badala yake zikawekwa nukta, na zile nukta zilimkaa rohoni maisha yake yote. Kwa hiyo alipopata darasa lake alifanya kinyume. Aligawa ubao mara mbili, kushoto akaandika alichosema mshairi, kulia alichokusudia. Kushoto kulima, kulia jina la kitendo kama lilivyo kwenye kitabu cha daktari. Kushoto upanga, kulia kiungo. Vita, kambi, kuzingira ngome, yote yakapata tafsiri yake. Wanafunzi walinakili kimya kama wanaoandika dozi ya dawa, na hakuna aliyecheka.

"Theresia, hao Warumi hawakuwa masista," alikuwa akiniambia.

"Wala hawakuwa madaktari," nikamjibu.

Lakini sikumbeza, na nyinyi msimbeze. Bila watu kama yeye tungekuwa bado tunabandika kurasa kwa uji. Alichonifunza Gordon ni kutoogopa neno lolote lililoandikwa. Nilichokitafuta mimi ni namna ya kutoogopa bila kupiga kelele.

Namna yenyewe ni hii, mkiitaka. Shairi lisomwe mara tatu kwa sauti. Mara ya kwanza mlango ni mlango: umetengenezwa kwa mti gani, unafunguka ndani au nje, nani analala kizingitini. Msiruke hapo, maana fumbo lisilosimama kama kitu cha kweli haliwezi kusimama kama kitu kingine. Mara ya pili tunauliza nani yuko ndani na anasikia nini. Mara ya tatu nawaambia kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi kile anachodhani kinasemwa, akikunje, akitie mfukoni. Karatasi hiyo siiombi. Daima yuko mtu wa nyuma atakayeanza kucheka wa kwanza. Mwacheni acheke, ndiye atakayewafundisha wengine.

Angalieni na pumzi. Mashairi yale huenda kwa mistari miwili miwili, wa kwanza mrefu, wa pili mfupi, na utani mwingi huwekwa pale wa pili unapopungua. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani za mashairi yetu hapati taabu kulisikia hilo. Kuhusu kamusi, tafuteni mpya, lakini ile kongwe msiitupe. Ikifika penye joto inahamia lugha nyingine, kama wazazi wetu wa mtaa wa Blacktown wanavyohamia kilugha watoto wanapotega masikio. Mkiona imehama, mjue mmefika.

Tena msiwape wanafunzi utamu peke yake. Nyimbo za Bi Zuhura ziliimbwa na wanawake. Mashairi ya Warumi karibu yote yameandikwa na wanaume, na yule wa ndani mara nyingi hapewi hata mstari mmoja wa kujibu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba bwana yule anaubembeleza mlango leo, kesho atauvunja. Alisema kweli, na kuna mashairi ambayo hayo ndiyo yanayotokea. Pale mlangoni pia amelala bawabu, mtumwa, wakati mwingine amefungwa mnyororo, anasikia kila neno na hana ruhusa ya kusikia. Yote hayo yamo ndani ya kicheko. Mwalimu anayeyaficha hayo amebandika kurasa kwa gundi mpya.

Sasa Furaha. Alikuja kwangu karibu na mwisho wa kazi yangu, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, akitoka Doonside kwa treni na begi zito kuliko yeye. Wazazi wake ni Wakongo wa mashariki. Baba yake huendesha foklifti kwenye ghala, na Jumamosi hufundisha kwaya ya kanisa lao kule Blacktown. Mama yake ni mhudumu katika nyumba ya wazee, kwa zamu. Nyumbani walisema Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi tunaowajua. Alitaka kuandika tasnifu juu ya mashairi ya mlangoni.

Nilimwambia ajaribu kutafsiri kwa Kiswahili kwanza. "Mama Theresia, my Swahili is kitchen Swahili," akasema. Nikamwambia jikoni ndiko yalikotungwa maneno mazuri. Kwa mwaka mzima tulikaa ofisini kwangu tukitafuta maneno, komeo au kitasa, bawaba au pata, kubisha au kugonga. Kiswahili chake kikaamka. Kikawa na adabu na utundu vyote viwili, na nasema bila kujizuia kwamba kazini kwangu sijapata furaha kubwa kuliko ile.

Kila mwaka, Jumamosi moja, idara hufanya alasiri ya mashairi, familia zikialikwa. Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Helen, mtu wa moyo mzuri anayependa mambo yawe wazi. Alitaka Furaha asome shairi la mlangoni kwa Kilatini, kisha kwa Kiswahili.

"Mpe shairi la mazishi," nikamwambia. "Au la shamba."

"Why? It's her thesis."

"Kwa sababu wazazi wanaweza kuja. Kwetu baba na binti hawakai chumba kimoja maneno hayo yakisemwa."

Helen alinitazama kwa upole. Alisema Furaha ni mtu mzima na ataamua mwenyewe, nami nikakubali, maana ni kweli. Furaha akaamua kusoma. Baba yake Jumamosi hakosi kwaya, alisema, na mama yuko zamu. Kwa Kiswahili ndiyo salama zaidi, maana ukumbini hakuna atakayeelewa ila mimi.

Baba yake alikuja. Baadaye nilijua kwamba mama yake alimwambia mtoto atasema Kiswahili mbele ya wazungu katika ukumbi wa chuo kikuu, naye akamwachia mtu mwingine kwaya, akavaa suti, akapanda treni. Aliketi safu ya pili akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Furaha alimwona alipokwisha simama mbele. Alinitazama mimi.

Kilatini kilipita. Kisha akaanza Kiswahili, na hakukiharibu, kwa bahati mbaya. Mvua ilinyesha kama inavyopaswa, mlango ukasifiwa. Nilimwona baba yake akitabasamu mwanzoni kwa ule uzuri wa maneno tu. Halafu bwana yule wa Kirumi akachukua mafuta kuipaka bawaba, na baba Furaha akainama akatazama viatu vyake. Akanyanyuka polepole, akajiinamia kama anayepita mbele ya watu kanisani, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake bila sauti. Furaha akanyamaza. Akasema "Sorry," akaketi. Watu wakapiga makofi wakidhani shairi limeishia pale.

Nilipotoka nilimkuta baba yake kwenye benchi nje, mwezi wa Agosti, ambao huku ni wa baridi, hana hata sweta. Alinisalimia vizuri. Akaondoka na binti yake kuelekea kituoni, yeye mbele, binti nyuma.

Furaha hakuja wiki iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Nilimpigia simu.

"I'm withdrawing, Mama. Nimeshamaliza."

"Hujamaliza. Umebakiwa na sura mbili."

"He walked out. Uliona mwenyewe. Siwezi hata kula meza moja na yeye. I eat in my room. Hatuongei."

Helen alihuzunika kwa dhati, akataka tumwite baba chuoni tuzungumze wote wanne kwa uwazi. Nilimwomba kwa heshima zote asithubutu. Nikachukua treni mimi mwenyewe mpaka Doonside, nimebeba mkate wa kumimina, kwa sababu huendi kwa mtu na maneno matupu.

Baba Furaha alinikaribisha sebuleni. Mama alikuwa kazini. Mlango wa chumba cha Furaha ulikuwa umefungwa, muziki unasikika kwa mbali. Tulianza na habari za kazi ya ghalani, tukaenda kwenye kwaya, tukaenda kwenye bei ya nyumba za Guildford ambako ndugu yake anatafuta, tukarudi kwenye kwaya. Chai ya pili ilipomiminwa ndipo aliposema.

"Mwalimu, mie sikukasirika hata kidogo."

Nikamkatia kipande cha mkate.

"Kwetu, wanamuke wakianza kusema mambo yao, baba anatoka. Haiko juu ya hasira. Anatoka ili waseme vizuri. Nilitoka ili amalize." Alizungusha kikombe kwenye sahani. "Halafu nikiwa kwenye benchi nasikia makofi, mapema. Nikajua hakumaliza."

"Yeye anadhani ulimkataa."

"Najua. Anakula ndani ya chambre yake. Mama yake anasema niongee naye. Niongee nini? Kama naongea juu ya ile maneno, inakuwa ni kusema nilisikia."

"Ulisikia mpaka wapi, Baba Furaha?"

Alitazama dirishani. "Mpaka ile mafuta," akasema.

Sote wawili tulikunywa chai. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hakujua mtoto wake ana Kiswahili cha namna ile. Tangu walipofika nchi hii yeye humwambia maneno kwa Kiswahili na kurudishiwa kwa Kiingereza, akawa amekubali kwamba lugha itakufa na yeye. "Ile siku nilisikia iko hai," alisema. "Halafu nikatoka mbio." Macho yake yalilowa na hakuyafuta, nami nilitazama picha ya kwaya ukutani mpaka akapata nafasi.

Kwa wenzangu ambao hamkukulia kwetu, nieleze kidogo. Baba yule alifanya adabu ya juu kabisa anayoijua. Aliondoa masikio yake ili binti awe huru. Binti amekulia Sydney, ambako mtu akiondoka katikati ya maneno yako amekususa, na akikaa ndiyo anakuheshimu. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kwao. Tena baba hakuweza kueleza, kwa sababu kueleza kungeharibu kile kile alichotoka kukilinda. Alihitajika mtu wa tatu, na kwetu kazi hiyo ni ya shangazi au somo. Mimi nilikuwa na kazi ya mwalimu tu, lakini Bi Zuhura alikwisha nionyesha jinsi inavyofanywa.

Nilimwomba Furaha anisindikize kituoni. Tulitembea mikono ndani ya makoti. Tulipofika kwenye jukwaa la treni nikamwambia.

"Baba yako alitoka ili umalize."

Alisimama. "He said that?"

"Alisema. Hatasema tena, na usimwulize."

"But he left, Mama."

"Alikupisha."

Alilirudia neno hilo. Alilijua, hulisikia kila siku watu wakitaka njia mlangoni au koridoni, ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupishwa na baba yake. Akakaa kwenye kiti cha chuma akalia, nikaiacha treni yangu ipite. Nami nililia kidogo. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimemwogopea sana, na woga ulikuwa unanitoka.

Alirudi darasani. Siku ya kwanza alisimama mbele ya wenzake akasoma shairi lote mpaka mwisho, hadi pale taji la maua linapoachwa kizingitini na bwana anaondoka zake amelowa. Zile sura mbili aliziandika upya. Moja ilimhusu bawabu. Vitabu vyote nilivyofundishia vinamwona kama kizuizi tu, mtu mkali anayelinda lango. Furaha aliandika kwamba bawabu anasikia kila kitu na anajifanya amelala, na kwamba bila mtu anayejifanya amelala hakuna fumbo linaloweza kusemwa katika nyumba yoyote. Gordon, aliyekuwa mzee sana wakati huo, nilimpelekea sura hiyo. Alinirudishia na neno moja pembeni, "Damn." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nyumbani kwao sikuuliza mambo yalikwendaje. Nilisikia tu kwamba Furaha anakula mezani.

Siku ya kuagwa kwangu mlijaa ule ukumbi mdogo, mnakumbuka, na sambusa zikaisha kabla ya hotuba. Baba Furaha alikuja na suti ile ile, safari hii na koti zito juu yake. Nje ilikuwa inanyesha. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kumlea mtoto, akaniombea uzee mwema. Furaha alikuwa hatua chache kutoka kwetu akikusanya vikombe, ametupa mgongo.

Baba yake akageuka kutaka kwenda, kisha akarudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Akatazama mvua dirishani.

"Mwalimu," akasema, "ule bwana, walimufungulia?"

Nilimtazama usoni. Hakuonyesha chochote.

"Bado, Baba Furaha."

"Na baridi hii yote."

Vikombe vikaacha kulia. Furaha hakugeuka. Alikuwa ameinamia sinia, na nilidhani atanyamaza, au atajibu kwa Kiingereza kama siku zote.

"Amezoea, Baba," akasema.